Gome la Birika

Bibi yangu alipofariki tuligawana vyombo vyake, na mimi nikachukua birika. Lilikuwa la aluminiamu, tumbo lake limeungua mpaka likawa jeusi, na lilikaa kwenye jiko la nyumba ya Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, zaidi ya miaka ishirini. Nilipoligeuza ili nilisugue, kipande cha gome kikaanguka sakafuni, kikalia kama kigae. Kilikuwa cheupe kilichoingia rangi ya chai, unene wake sarafu mbili zilizopandana. Nikakivunja ukingoni nikaona mistari, tabaka juu ya tabaka, mithili ya pete ndani ya shina la mti. Chai zote za alfajiri na za futari za miaka ile zilikuwa zimeacha alama yake mle.

Mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa gome ni kitu gani. Analikuta kwenye jagi la umeme, kwenye koili ya hita, kwenye vitundu vya shawa vilivyoziba, kwenye glasi zinazobaki na ukungu hata zikioshwa mara tatu. Wengi huliita chokaa, na hawakosei hata kidogo. Likizidi, minong'ono huanza: maji haya yataleta mawe ya figo, maji haya yanakatisha nywele, maji haya si ya kunywa. Anayeweza hununua maji ya chupa. Asiyeweza huendelea kunywa huku moyo wake hauna raha.

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na naliandika kwa sababu naona tumeelekeza hofu yetu mahali pasipostahili. Tunayahukumu maji kwa kile jicho na ulimi vinavyokiona, yaani ugumu na chumvi, na hukumu yetu huishia hapo. Kumbe jiwe lile lile linaloyafanya maji yetu magumu ndilo pia linaloyaacha wazi kwa uchafu usio na rangi wala ladha.

Anza na sabuni. Juzi nilichukua chupa tatu za plastiki. Ya kwanza nilitia maji ya mvua niliyokinga kwenye bati wakati wa masika. Ya pili, maji ya mfereji wa nyumbani. Ya tatu, maji ya kisima cha Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, aliyoniletea binamu yangu kwenye dumu. Nikakwangua mche wa sabuni, nikatia kijiko kimoja cha makwangu kila chupa, nikatikisa. Maji ya mvua yalitoa povu papo hapo mpaka likafika mdomoni. Ya mfereji yalibadilika kuwa meupe kwanza, yakanyamaza, na povu lilikuja nilipoongeza sabuni. Ya Jambiani yaliganda mabonge madogo kama maziwa yaliyochacha, na utando wa kijivu ukaelea juu.

Utando ule ndio sabuni yenyewe iliyokamatwa. Maji magumu yamebeba kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia, na madini hayo huishika sabuni kabla haijapata nafasi ya kushika uchafu. Ndiyo maana kanga iliyofuliwa kwa maji magumu hukakamaa juani, na kola nyeupe hupauka kuelekea kijivu. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 maji huitwa laini, zaidi ya 180 huitwa magumu sana. Maji yanayotoka kwenye miamba ya chokaa popote duniani huelekea upande huo wa juu. London ni mji wa maji magumu, na majagi yao yana gome kama yetu.

Bibi hakujua miligramu, lakini alikuwa na elimu yake. Chini ya bati la ua aliweka pipa, na maji ya pipa lile hayakuguswa ila kwa mambo mawili: kuoshea nywele na kupikia maharagwe. Alisema maji ya mfereji yanayakaza. Nilikuwa nikidhani ni mazoea ya kizee, mpaka niliposoma kwamba kalsiamu kweli hujishika kwenye ngozi ya punje na kuizuia isilainike, hata ukichochea kuni mpaka adhuhuri. Siku pipa lilipokauka alitia chembe ya magadi chunguni. Magadi ni sodiamu kaboneti. Yakiingia ndani ya maji magumu, kalsiamu huacha kuelea, ikaganda na kutuama chini. Maabara huenda na njia hiyo hiyo.

Sasa jiwe lenyewe. Unguja ni kisiwa cha matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba wa chokaa. Upande wa mashariki na kusini mwamba huo uko wazi, makali yake yanakata kandambili. Wakulima huita maweni, na udongo hupatikana kwenye mashimo tu. Upande wa magharibi na katikati, palipo na karafuu na minazi, kuna udongo mzito zaidi, ule mwekundu wa kinongo. Mvua ikinyesha hupita kwenye udongo, ikachukua humo hewa ya ukaa iliyotolewa na mizizi na majani yanayooza. Hewa hiyo huyapa maji uchachu kidogo, hafifu mno kwa ulimi, lakini unatosha kuyeyusha chokaa. Maji huteremka yakila mwamba polepole, na kila tone hubeba kipande cha kisiwa.

Ukiyachemsha unageuza safari. Moto huifukuza ile hewa ya ukaa, uchachu huondoka, na chokaa haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Hurudi kuwa jiwe, na mahali pa karibu pa kushika ni chini ya birika. Gome la bibi lilikuwa tumbawe la Unguja lililoyeyuka ardhini na kuzaliwa upya juu ya jiko la mkaa.

Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mafundi waliojenga Mji Mkongwe waliishi kwa kanuni hiyo hiyo. Walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya minazi, wakachoma tanuu, jiwe likatoa hewa yake ya ukaa na kubaki chokaa. Wakaizima kwa maji, wakaikandika ukutani, na ukuta kwa miaka ukaivuta tena hewa ile kutoka angani mpaka ukawa jiwe upya. Nyumba tunazolala na gome la birika ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye kuliogopa gome amelala ndani yake.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha juu cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Linazungumzia ladha, mabomba kuziba na sabuni kupotea. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Gome linakula umeme, kwa kuwa koili iliyovikwa jiwe hupasha maji kwa taabu, na linaua hita kabla ya wakati wake. Hayo ni hasara ya mfuko. Kikombe cha siki au maji ya ndimu kadhaa, yakilazwa ndani ya jagi usiku kucha, huliyeyusha, na asubuhi unasuuza.

Lakini jiwe lina tabia ya pili, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami zaidi.

Mwamba wa chokaa haufanani na mchanga. Mchanga ni chujio, maji hupita kati ya chembe taratibu na uchafu mwingi hubaki nyuma. Chokaa iliyoliwa na maji kwa maelfu ya miaka ina nyufa, mifereji na mapango. Nenda Mangapwani ukashuke ngazi za pango la matumbawe, utakuta dimbwi la maji baridi chini yake, yasiyo na chumvi. Simama ukumbuke kwamba chini ya miguu yetu kuna mengine tusiyoyaona. Au ufuate mito yetu. Mwera na Zingwezingwe ni mito inayotiririka kwa heshima zote na kisha, kabla haijafika baharini, inaingia ardhini na kupotea. Watoto wa skuli hukariri jambo hilo kama ajabu ya jiografia. Mimi naliona kama onyo. Mto unaoweza kumezwa mzima na ardhi unatuonesha ni kitu gani kingine kinaweza kumezwa bila kuchujwa. Maji ya choo cha shimo, maji ya karo lililopasuka, mbolea ya shambani, mafuta ya gereji, vyote vina njia ile ile.

Na huko chini ndiko tunakochota. Hatuna ziwa wala mto mkubwa. Maji ya mji huu yote yanatoka kwenye chemchemi, mapango na visima virefu vilivyochimbwa ndani ya mwamba.

Mji Mkongwe wa zamani ulijua hivyo kwa machungu. Uliota kwenye rasi iliyozungukwa na bahari na hori, na visima vya ndani ya nyumba vilikuwa na maji ya chumvichumvi, jirani na mashimo ya vyoo. Mabaharia waliotaka maji ya pepo, maana hilo ndilo jina lililotumika pwani kwa maji matamu, walipeleka mashua Mtoni, kaskazini ya mji, ambako kijito kiliwashukia mpaka ufukweni. Seyyid Said alijenga kasri lake hapo hapo, na binti yake Sayyida Salme alizaliwa humo mwaka 1844. Palipo na maji matamu ndipo mfalme alipotandika.

Waliobaki mjini walilipa kwa roho zao. Kipindupindu kilikuja na majahazi na misafara mara kadhaa katika karne ya 19, na wimbi la 1869 na 1870 lilikuwa baya sana. Daktari wa Kiskoti, James Christie, alikuwepo, akafuatilia mtaa kwa mtaa na njia kwa njia ugonjwa ulivyosafiri, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajatangaza kijidudu chake. Christie alikuwa akimwinda adui asiyeonekana kwa kutazama nyayo tu.

Seyyid Barghash alishika utawala mwaka 1870, ugonjwa ukiwa bado haujaondoka vizuri. Ujanani aliasi dhidi ya kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, na huko aliona mji mkubwa ukinyweshwa kwa mabomba. Katika miaka yake ya utawala, mpaka 1888, alijenga mfereji wa kuleta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu, yapata maili saba kaskazini, mpaka ndani ya mji. Alijenga pia hamamu ya umma, ile iliyoupa mtaa wa Hamamni jina. Tunamkumbuka zaidi kwa Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883. Kwangu mimi ajabu yake kubwa ilikuwa ile iliyozikwa barabarani, ambayo kijakazi aliyebeba mtungi aliifaidi sawa na mwenye jumba. Ukipita njia ya Bububu bado unaona vipande vya ule mfereji wa mawe na chokaa, majani yameota juu, watu wanapita hawageuki.

Nadhani hapo ndipo Wazanzibari walipojifunza kuyaamini maji ya mfereji, na imani hiyo imekuwa nzito kuitikisa. Kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 maji hayo yalikuwa hayalipiwi. Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, ilizaliwa kwa sheria ya mwaka 2006, na wazo la bili ya maji liliwakera watu wengi wazima waliokuwa wakiyaona maji kama hewa. Nilikuwa miongoni mwa waliokereka. Nimebadilika, kwa sababu nimeanza kuhesabu kinachohitajika ili lita moja ifike kichochoroni.

Unahitajika msitu, kwanza. Masingini, juu ya vilima vya kaskazini mashariki ya mji, si mahali pa matembezi tu. Miti yake inaishika mvua ya masika na vuli na kuilisha kwenye ardhi inayozitia maji chemchemi za Chemchem na Bububu. Kila kiwanja kinachopimwa kwenye miinuko ile, kila choo kinachochimbwa huko, kinagusa sehemu ya glasi tunayokunywa Shangani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Laki tatu waliongezeka kwa miaka kumi, na wengi wao wamejenga pembezoni, juu ya mwamba uliojaa nyufa, kila nyumba na karo lake na nyingine na kisima chake, hatua chache baina ya kimoja na kingine. Hakuna aliyefanya ubaya. Mtu anatafuta pa kulala. Lakini mwamba haujui nia ya mtu.

Alama ya karo kufika kisimani ni naitreti. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya unga, kwa sababu ikizidi inaweza kuizuia damu yao isibebe hewa. Na hili nataka kila mama alijue: kuchemsha hakuitoi. Kuchemsha kunaua vijidudu na kunatuamisha chokaa, lakini naitreti na chumvi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huwa nzito zaidi. Birika linatuonesha gome tusilolihitaji kuogopa, na linakaa kimya juu ya kitu cha kuogopwa.

Chumvi nayo ina hadithi yake, na hiyo ni ya mashariki.

Chini ya kisiwa maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Bahari ni nzito zaidi kidogo, karibu sehemu mbili na nusu kwa mia, na tofauti hiyo ndogo ndiyo uhai wetu. Kanuni waliyoigundua wahandisi wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg, kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, inasema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Inasikika kama neema. Igeuze sasa: ukivuta maji mpaka usawa ukashuka mita moja, bahari inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Pampu kubwa mahali pamoja huivuta chumvi ikapanda kama kwenye mrija. Kisima kikishaonja bahari, huchukua masika mengi kukitakasa, na vingine haviponi.

Wazee wa Jambiani na Paje wanalijua hili bila hesabu. Watakwambia visima vyao hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa tofauti ya mita nne hivi, ladha hubadilika. Walichota kwa ndoo na kata, asubuhi na jioni, na kisima kikapata usiku wa kupumzika. Kisha zikaja hoteli. Mtafiti Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 utafiti wake wa pwani ya mashariki: mgeni mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, zikiingia humo bustani, bwawa la kuogelea na mashuka. Mwenyeji alitumia lita 48. Hesabu hiyo ilifanywa wakati wageni walikuwa wachache. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea zaidi ya 600,000. Baadhi ya hoteli kubwa sasa zina mitambo ya kuchuja chumvi, na hilo ni jema kwa wageni wao. Kijiji kilicho nyuma ya ukuta kinabaki na kisima kilichoingiwa na bahari, na binti anayetembea zaidi na dumu kichwani kutafuta kingine. Maji ya chupa yangu ya tatu yalitoka kwenye kijiji kama hicho. Nilipoyaonja nikakunja uso, na binamu yangu akaniambia kwamba watoto wake hawakunji tena.

Turudi mjini, kwenye bomba lenyewe. Hata maji yakitoka kisimani salama, safari haijaisha. Mabomba ya Mji Mkongwe yanapita kwenye vichochoro pamoja na mitaro ya maji machafu, kuta kwa kuta, mengine ya zamani sana. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, ufa wake huvujisha nje. Bomba likiwa tupu, kwa sababu leo si zamu yetu kwenye mgao, ufa ule ule hunyonya ndani kilicho nje yake. Maji ya mwanzo yanaporudi, yale yanayokohoa na kutoa hewa kabla ya kutiririka, ndiyo ya hatari kuliko yote, na ndiyo tunayoyakimbilia na ndoo kwa kuwa tumeyangoja siku mbili. Yamwageni, au yatumieni kusafishia choo. Yawacheni yatiririke kwanza.

Klorini ipo kwa ajili ya safari hii. Kinachotakiwa ni masalia ya klorini yafike hadi kwenye mfereji wa mwisho, kiasi cha miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Watu hulalamika harufu yake. Mimi nikiisikia siku hizi natulia. Ni mlinzi aliyefika zamu.

Umeme pia una sehemu yake. Waliokuwa watu wazima wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa miezi mitatu bila umeme wa gridi. Pampu zilinyamaza. Nyumbani tulifungua kisima cha ua kilichofunikwa na saruji miaka mingi, tukateka kwa kamba, na kila jioni foleni ya majirani ilifika mlangoni. Maji yake yalikuwa baridi, mazuri kwa macho. Mdogo wangu aliugua tumbo wiki ya pili, kisha mtoto wa jirani, kisha mwingine. Hatukuwa tumepima kitu. Tulitazama tu, tukaona hayana takataka, tukanywa.

Ndiyo maana naogopa neno "masafi" linavyotumika. Kipindupindu kimerudi Zanzibar mara nyingi tangu 1978, na aghalabu hufuata mvua, pale mashimo yanapojaa na ardhi kuchanganya vilivyotengwa. Mwaka 2009 watu wa Chaani na Mtopepo hapa Unguja, pamoja na shehia mbili za Pemba, walipewa chanjo ya kunywa, na utafiti uliofuata ulionesha kwamba iliwakinga vizuri. Chanjo ni ngao ya muda. Maji ndiyo uwanja wa vita wenyewe.

Fedha zimetafutwa. Japani na Benki ya Maendeleo ya Afrika zimesaidia miradi ya maji ya mjini, na Julai 2016, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alipotembelea Tanzania, ulitiwa saini mkopo wa dola milioni 92 kwa ajili ya maji Zanzibar. Matangi mapya yamejengwa, mabomba mapya yamelazwa. Nayashukuru. Lakini bomba jipya likiunganishwa na kisima kilichozungukwa na makaro litatuletea uchafu kwa kasi zaidi. Kulinda ardhi iliyo juu ya visima hakuna uzinduzi wala utepe wa kukata, na naamini ndiko kwenye thamani kubwa kuliko tangi lolote.

Naona pia tumeisahau mvua. Bermuda ni kisiwa cha chokaa kama chetu, hakina mito, na huko mapaa yote meupe ya nyumba yamejengwa kwa ngazi ngazi ili kukinga mvua na kuipeleka kwenye birika chini ya nyumba. Sisi tuna neno hilo hilo, birika, kwa chombo cha chai na kwa tangi la kutawadhia la msikiti, na wazee wetu walijenga yale ya misikiti kwa chokaa iliyopigwa ikang'ara. Mvua yetu ni zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Bati la nyumba yangu, mita 60 za mraba tu, linapokea lita zaidi ya 90,000 kwa mwaka, na karibu zote zinakimbilia mtaroni. Maji ya mvua yakikingwa kwenye tangi lililofunikwa, yale ya dakika za mwanzo yakiachwa yaoshe bati, ni laini kiasi kwamba bibi angeyatia maharagwe bila magadi.

Nyumbani kwangu nimebadilisha mambo machache. Nachemsha maji ya kunywa mpaka yachemke sawasawa, nayaacha chokaa ituame, namimina taratibu kwenye mtungi wenye mfuniko na bomba lake, ili mkono wa mtu usiingie ndani. Tangi la juu la plastiki tunalisugua kila baada ya miezi michache, kwa sababu tangi lisilosafishwa huyachafua hata maji mema. Dumu la maji ya mwanzo ya mgao limeandikwa kwa rangi nyekundu, la kusafishia sakafu. Kisima cha ua tumekirudishia saruji mpaka tutakapokipima.

Na kupima ndiko ninakotaka kufika. Vipimo vinne vingetuambia karibu kila kitu: ugumu, chumvi, naitreti, na vijidudu vya kinyesi, ambavyo kwa maji ya kunywa havitakiwi kuonekana hata kimoja katika mililita 100. Ugumu ungetuambia ni jiwe gani linatunywesha. Chumvi ingetuambia bahari imefika wapi. Naitreti na vijidudu vingetuambia ni choo cha nani kimeingia kisimani, na lini. Majibu ya aina hiyo yakikaa kwenye faili la ofisi hayamsaidii mama mwenye mtoto mchanga pale Kisimamajongoo. Yanatakiwa yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, shehia kwa shehia, kila mwezi, yabandikwe mahali anapopita akienda dukani.

Kipande cha gome cha bibi nimekiweka kwenye kisahani juu ya meza ninapoandikia. Kila nikikigeuza natafuta mstari wa miezi ile mitatu ya giza, nikidhani utakuwa wa rangi tofauti. Sijauona. Maji ya kisima na maji ya mfereji yaliacha chokaa ile ile.

Jana nilipita kwa sheha wetu. Ubao wake wa nje una tangazo la chanjo ya watoto, tangazo la vitambulisho, na karatasi moja ya mwaka juzi iliyopauka kwa jua. Upande wa kulia, chini ya misumari minne iliyobaki mitupu, kuna nafasi inayotosha.